Namna ya kudumu timu ya taifa ukiwa beki: tujifunze kwa Rigobert Song na wenzake

Kuitwa timu ya taifa mara moja mbona wameitwa wengi tu. Unakuwa na mwezi mzuri kwenye ligi, magazeti yanakutaja taja, kocha anakuita akuone vizuri, unapiga picha na jezi, mama anaitundika sebuleni, basi, kambi inayofuata jina halipo na hakuna anayekupigia simu kukueleza kwanini. Kazi ipo kwenye kuitwa tena, alafu tena, mpaka wanapita makocha watano sita, wazungu na wazawa, na kila anayekuja akishika kalamu anaandika kipa alafu anaandika wewe.

Haya ni ya mabeki. Mastraika na mawinga wana njia zao, huko siingii. Mfano wangu mkubwa ni Rigobert Song wa Cameroon maana huyu jamaa maisha yake ya mpira yana kila kitu unachotaka kujifunza, mazuri na mabaya. Alianza kuichezea Cameroon 1993 akaacha 2010, mechi 137, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) nane mfululizo kuanzia ya 1996 mpaka ya 2010, Kombe la Dunia mara nne yaani 1994, 1998, 2002 na 2010. Na sio kwamba alikuwa beki msafi kuliko wote Afrika, hapana, kuna makosa aliyafanya mbele ya dunia nzima na tutayapitia hapa, ila kesho yake anaitwa tena. Hapo ndo pa kujiuliza.

Elewa kwanza kocha wa taifa anawaza nini

Kocha wa klabu yupo na wachezaji wake kila siku, akikosea Jumamosi anarekebisha Jumatatu. Kocha wa taifa anawapata watu siku chache kabla ya mechi, wengine wameshuka kwenye ndege usiku wa manane macho mekundu, mazoezi ni mawili matatu alafu mechi. Mbele anaweza akajaribu mtu mpya, straika akikosa bao watu wanamtukana jioni asubuhi wamesahau. Nyuma hawezi kujaribu jaribu hovyo, sababu mabeki wanne na kipa inabidi wapande pamoja na washuke pamoja, na hiyo kitu haifundishwi kwa siku mbili. Kwahiyo anachukua watu waliozoeana hata kama kuna dogo kwenye ligi ana spidi kuwazidi. Ndo maana ukiangalia wachezaji waliocheza mechi nyingi sana kwenye timu zao za taifa mabeki wamejaa, Sergio Ramos 180 na Hispania, Cafu 142 na Brazil, Thuram 142 na Ufaransa, Maldini 126 na Italia.

Maana yake ni kwamba kwa beki mlango wa kuingia ni mwembamba lakini ukishaingia ukazoeleka kukutoa ni shughuli. Lengo lako sio kocha aseme huyu ni hatari. Lengo lako kocha akiona jina lako kwenye orodha alale usingizi. Mengine yote ninayoandika hapa chini yanatokea hapo.

Kuingia: usiogope kuchelewa, ogopa kudanganya

Njia ya kawaida kwa Tanzania unaijua, Serengeti Boys kwa wa chini ya miaka 17, Ngorongoro Heroes kwa wa chini ya miaka 20, alafu Taifa Stars. Ukipita huko vizuri, unazoea kambi mapema, unajuana na makocha, unajua wimbo wa taifa unaimbwa ukiwa umesimama wapi. Song yeye alikuwa kwenye Kombe la Dunia la 1994 Marekani ana miaka 17, kwahiyo alirukishwa madarasa.

Lakini kama huko hukupita usijione umechelewa. Muangalie Wael Gomaa wa Misri, kazaliwa 1975, Al Ahly walimchukua 2001 kutoka Ghazl El Mahalla na huko timu ya taifa akaanza mwaka huohuo, yaani kashakaribia miaka 26 wakati huo wenzie wengine wanasema mpira umeshawapita. Huyu akaja kubeba AFCON tatu mfululizo, 2006, 2008 na 2010, akaendelea kuitwa mpaka 2013. Kwa anayecheza ligi ya ndani kuna CHAN pia, ile inachezwa na wachezaji wa ligi za nyumbani tu, na ile ya Agosti 2025 ilichezwa hapahapa Tanzania, Kenya na Uganda. Beki wa ligi ya ndani asidharau CHAN hata kidogo, pale kocha anakuona siku nyingi kwa pamoja, mnakaa kambini, mnazoeana na mabeki wenzio, hicho ndo kitu tulichosema kinamfanya akuamini.

Sasa suala la umri. Nitasema wazi, kupunguza umri kunawaua mabeki kuliko wachezaji wengine wote. FIFA tangu 2009 wanatumia kipimo cha picha ya kifundo cha mkono kwa mashindano ya chini ya miaka 17, kwahiyo unaweza kuumbuka mbele ya watu. Ila hata ukipita, wewe beki ulikuwa unategemea ukomavu wa mwili dhidi ya watoto, hukujifunza kusoma mchezo kwasababu ulikuwa unawazidi nguvu, ukipanda kwa wakubwa nguvu mnalingana na akili huna. Alafu ukifika ule wakati ambao beki anatakiwa awe kwenye ubora, cheti kinasema 27 goti linasema 33. Achana nayo.

Jua namba zaidi ya moja

Song alicheza beki wa kulia na akacheza sana kati. Maldini alianza kushoto akamalizia kati. Hapa nyumbani mfano mzuri ni Erasto Nyoni, kiraka haswa, ulikuwa unamkuta kulia, unamkuta beki wa kati, unamkuta kiungo mkabaji, na ukiangalia alikuwepo Stars tangu enzi za kocha Marcio Maximo, 2007 akawafunga Burkina Faso kwao kule Ouagadougou tukashinda 1-0, miaka 12 baadae bado alikuwa uwanjani.

Orodha ya timu ya taifa ya safari huwa na nafasi chache, kocha akikaa na wasaidizi wake usiku wanabishana nani abaki, mwenye namba moja tu anakatwa kabla ya mwenye mbili. Lakini usijifanye kila kitu. Chagua namba mbili, ya pili iwe ambayo mwili wako utaihamia ukizeeka. Beki wa pembeni ajifunze kati kabla hajafika miaka 28 maana ile spidi ya kupanda na kushuka itaondoka, hakuna aliyebaki nayo. Beki wa kati ajifunze kiungo mkabaji. Muombe kocha wa klabu dakika 20 za mwisho kwenye mechi za kirafiki ucheze namba hiyo nyingine, asipokubali cheza mazoezini, asipokubali huko pia nenda ndondo, zile mechi za mtaani, ukacheze huko wakati wa mapumziko ya ligi kama mkataba wako unaruhusu (soma mkataba kwanza, ukivunjika mguu ndondo klabu zingine hazikulipi hata mia).

Kusimama, hapa ndo penyewe

Hii sehemu nitakaa nayo maana ndo inayotenganisha beki wa miaka mitatu na beki wa miaka 15. Beki kijana anakimbia kurekebisha makosa, beki mkongwe anasimama mahali ambapo kosa halitokei. Maldini watu walikuwa wanamkumbuka kwa vile alivyokuwa halali hovyo chini, anabaki kwenye miguu yake, maana ukishalala na umeukosa mpira wewe umetoka mchezoni, timu ina watu pungufu mpaka uinuke.

Kanuni ya kwanza, angalia aliye na mpira sio mpira wenyewe. Adui akiwa na mpira na amebanwa, kichwa chini, au amegeukia goli lake, hapo hawezi kupiga pasi ndefu ya mbele, kwahiyo laini yote mnapanda hatua tatu nne haraka, straika wao akizubaa anabaki kwenye kuotea. Adui akiwa na mpira huru, kichwa juu, hakuna anayemsogelea, hapo mnashuka KABLA hajapiga. Sio akipiga, kabla. Mabeki wetu wengi wanasubiri mpira uruke ndo wanaanza kugeuka, wakati huo straika ameshachukua mita tano, alafu tunasema beki hana spidi. Ana spidi, alichelewa kuondoka tu.

Ya pili ni mwili. Usisimame kifua wazi mbele ya straika kama unapigwa picha ya pasipoti. Simama ubavu, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, magoti yamekunjwa kidogo, uzito kwenye vidole, ili akienda kulia au kushoto wewe tayari umeshaelekea nusu ya njia. Na ule ubavu uelekeze upande unaotaka aende, muonyeshe nje kwenye mstari, usimuachie katikati. Tobo nyingi unazoziona beki anapigwa ni huyu aliyesimama kifua wazi miguu imeachana.

Ya tatu shingo. Mpira ukiwa upande wa pili unaangalia mpira, unageuza shingo unaangalia mtu wako, unarudi kwenye mpira, unageuza tena. Kwenye krosi weka mkono umguse kidogo tu ujue yupo, usishike jezi, siku hizi kuna VAR, yaani marefa wanaoangalia marudio ya video, kwenye mashindano makubwa na kamera inaona vidole vyote.

Ya nne mdomo. Beki bubu hadumu. Maneno mafupi: panda, shuka, mtu, huru, rudisha, kipa. Sio kumtukana mwenzio baada ya bao, hiyo sio kuongea. Jaribu hili zoezi, halihitaji hata koni, weka mawe manne kwenye mstari, mabeki wanne kila mtu kwenye jiwe lake, mtu mmoja mbele anashika mpira mkononi. Akiuinua juu mnashuka, akiuficha nyuma ya mgongo mnapanda, akiusogeza kulia wote mnasogea kulia, na beki mmoja tu ndo anaruhusiwa kutoa amri. Dakika kumi kila siku, mkibadilishana nani anaamuru. Mkishaweza hilo bila kugongana ongezeni straika wawili wanaokimbia katikati yenu.

Na usijisahau kwenye goli la adui. Tarehe 24 Machi 2019 pale Uwanja wa Taifa tulivyowapiga Uganda 3-0 tukaenda AFCON ambayo tulikuwa hatujaiona tangu 1980, bao la kwanza la Msuva, la pili Nyoni kwa penati, la tatu Aggrey Morris. Mawili kati ya matatu ni ya mabeki! Na fainali ya AFCON 2000 Lagos, Cameroon na Nigeria 2-2, zikapigwa penati, ya Ikpeba wa Nigeria ikagonga mwamba refa akasema haijaingia, aliyekuja kufunga penati ya mwisho ya ubingwa ni beki, Song. Baki baada ya mazoezi piga vichwa, piga penati, kuna siku itakuhusu.

Kadi

Kombe la Dunia 1994, Cameroon wanacheza na Brazil, Song akamchezea rafu Bebeto akalambwa kadi nyekundu, mpaka leo ndo mchezaji mdogo kuliko wote kupewa nyekundu kwenye Kombe la Dunia, miaka 17. Miaka minne baadae Ufaransa, mechi na Chile, nyekundu tena. Akawa mtu wa kwanza kutolewa kwenye Kombe la Dunia mbili tofauti, baadae 2006 Zidane wa Ufaransa akamfikia. Sasa hapo mwingine angekuwa ameisha. Lakini angalia alivyobadilika baada ya hapo, akawa nahodha, akacheza AFCON baada ya AFCON mechi inafuata mechi mpaka akafikisha 36 kwenye hayo mashindano, na huwezi kufikisha hizo kama kila mara upo jukwaani unatumikia adhabu.

Lakini kadi inayonifundisha zaidi sio yake. AFCON 2008 Ghana, nusu fainali na wenyeji, Song kaumia yupo chini anatibiwa, mwenzie wa kati André Bikey kwa hasira akamsukuma mtu wa huduma ya kwanza aliyekuja na machela. Nyekundu. Mtu alikuwa anawatibu nyie! Cameroon wakashinda ile mechi wakaenda fainali bila Bikey, na fainali ndo ile nitakayoieleza hapa chini.

Kwahiyo kadi ziko aina mbili. Kuna ya mpira, umemzuia mtu anaenda kufunga, umeamua kuibeba, hiyo timu itakusamehe. Kuna ya mdomo na mikono, kubishana na refa, kusukumana, kupiga mpira mbali baada ya filimbi. Ya pili hakuna kocha anayeisamehe mara mbili. Jiwekee utaratibu, ukipata njano ya kwanza muite beki mwenzio na kiungo mkabaji uwaambie nina kadi, kuanzia hapo wao ndo wanatoka kwanza kumfuata mtu, wewe unafunika nyuma. Na kama kuna nahodha muache aongee na refa yeye, wewe geuka rudi kwenye nafasi yako.

Ukikosea watu wanaona

Fainali ya 2008, Accra, Februari 10, Cameroon na Misri bila bila, dakika ya 77. Song ana mpira nyuma kabisa, mtu wa mwisho. Alikuwa na muda wa kuubutua nje, alikuwa na muda wa kumrudishia kipa Kameni. Akachelewa. Mohamed Zidan wa Misri akamvamia, wakasukumana wakaanguka, Zidan akainuka na mpira akamsogezea Aboutrika, bao, Misri bingwa. Nahodha, mtu mwenye uzoefu kuliko wote uwanjani, kwenye fainali. Bara zima limeona.

Angalia kilichofuata. Hakujificha, hakutangaza kustaafu usiku uleule kwa hasira, hakuwasingizia viungo kwamba walimpa mpira vibaya. Akaendelea kuitwa, akaenda AFCON ya 2010 na Kombe la Dunia la 2010.

Straika akikosa mabao matano akafunga moja yeye shujaa, beki akiokoa matano akakosea moja ameuza gemu. Hiyo haitabadilika, izoee. Vya kufanya ukikosea: dakika ile ile omba mpira unaofuata, pasi rahisi ya mita kumi, usitafute kurekebisha kwa kupanda mbele kufunga, hapo ndo bao la pili linapoingia. Mechi ikiisha zima data. Sio utani, zima data mpaka kesho mchana, maana comments za usiku huo hazijawahi kumjenga mtu. Kama kuna waandishi nje sema sentensi moja tu kwamba kosa ni langu alafu panda basi. Keshokutwa kaa na kocha muangalie video, uulize nilitakiwa nifanye nini sekunde mbili KABLA, sio pale nilipopoteza. Kwa lile la Song jibu lilikuwa nje, mtu wa mwisho ukibanwa mpira ni jukwaani, aibu ya kubutua inaisha kwa sekunde tano.

Na wenzio wakikosea kaa nao. Oktoba 2005 Yaoundé, Cameroon na Misri 1-1, Pierre Womé akakosa penati dakika za nyongeza na Kombe la Dunia la 2006 likaondoka pale pale, mashabiki walimuandama vibaya sana yule bwana. Kwenye timu ya taifa leo yeye kesho wewe.

Mwili na moyo

Kuna programu ya FIFA ya kupasha misuli inaitwa FIFA 11+, inachukua kama dakika 20, ina sehemu tatu, kukimbia taratibu na kunyoosha, alafu mazoezi ya nguvu na kujibalansi, alafu kukimbia kwa kasi na kubadilisha uelekeo. Ni bure, haihitaji gym, imetengenezwa kupunguza majeraha. Ndani yake kuna zoezi moja kwa beki ni la lazima, unapiga magoti kwenye majani, mwenzio anakushika vifundo vya miguu kwa nguvu, unajishusha mbele polepole mgongo umenyooka mpaka ushindwe kujizuia alafu unajidaka na mikono. Nyama za paja la nyuma zitawaka moto siku za mwanzo. Anza na mara tatu, tano, ongeza kidogo kidogo. Mabeki wengi wanaisha kwa hizo nyama za nyuma ya paja kuchanika kila msimu, ni zile spidi za ghafla za kumfukuza winga.

Alafu pima moyo. Naomba hii usiipite. 2003 Lyon, nusu fainali ya Kombe la Mabara, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka katikati ya uwanja hakuna aliyemgusa, akafariki, alikuwa na tatizo la moyo. Fainali siku chache baadae Song aliingia uwanjani kama nahodha ameshika picha kubwa ya Foé. Thuram naye 2008 alipokwenda kupimwa afya ahamie PSG wakakuta moyo una shida akaacha mpira, yupo hai leo. Kwahiyo kipimo cha umeme wa moyo na kile cha picha ya moyo hospitali kubwa zinafanya, kama klabu haikupimi jipime mwenyewe, hata kwa kuchangisha ndugu. Ukihisi kizunguzungu au kifua mazoezini sema siku hiyohiyo, usimfiche kocha eti utakosa namba.

Chakula na usingizi unajua, sirudii. Chipsi mayai saa tano usiku baada ya mechi ni raha lakini kila siku hapana.

Ukiachwa

Utaachwa. Kila beki aliyedumu kuna wakati aliachwa, kocha mpya kaja na watu wake. Javier Zanetti wa Argentina aliachwa Kombe la Dunia 2006, akaachwa tena 2010 mwaka ambao Inter yake imebeba ligi, kombe la nyumbani na Ligi ya Mabingwa Ulaya na yeye ndo nahodha. Hukusikia akimtukana kocha. 2011 Copa America wakamuita, akacheza.

Ukiachwa kazi yako ni moja, cheza kila wiki klabuni. Ndo maana mimi nasema beki asikimbilie klabu kubwa kukaa benchi. Straika anaweza kuingia dakika ya 80 akafunga akaonekana, beki wa benchi haingii, labda mtu aumie. Bora namba ya kudumu timu ya kati kuliko picha na jezi ya timu kubwa. Song mwenyewe alipita Metz, Salernitana, Liverpool, West Ham, Lens, Galatasaray, Trabzonspor, angalia vizuri utaona anapokosa namba haozei hapo, anasogea.

Kitambaa

Ukidumu sana watakupa unahodha, na ukidumu zaidi watakunyang'anya. 2009 kocha Paul Le Guen alipochukua Cameroon akampa straika Eto'o kitambaa cha unahodha, Song akiwa kakivaa miaka na miaka. Song akabaki kikosini. Afrika Kusini 2010 hakuwa tena wa kuanza, akaingia kipindi cha pili mechi ya mwisho na Uholanzi kule Cape Town, na kwa hiyo mechi akawa amecheza Kombe la Dunia la 1994 na la 2010, miaka 16 katikati.

Kwetu ilitokea Januari 2016, Nadir Haroub Cannavaro alivuliwa kitambaa cha Stars akapewa Samatta, Cannavaro akatangaza kustaafu timu ya taifa. Watu waligawanyika na mpaka leo vijiweni wanabishana. Mimi namuelewa Cannavaro kama binadamu, mtu ameitumikia nchi miaka mingi hivyo, lakini kama unaniuliza kwa ajili ya kudumu basi njia ni ya Song. Hata ukiona umeonewa, subiri siku saba kabla hujaongea na mtu yeyote mwenye maiki. Na kama viongozi wa soka wanasoma hapa, mtu wa namna hiyo muiteni ofisini, mpeni chai, muambieni uso kwa uso kabla ya mtu mwingine yeyote, haigharimu kitu.

Siku ya kuondoka

Usisubiri waache kukuita. Chagua mashindano, yaishe, kaa na familia, alafu mpigie kocha kwanza, shirikisho la pili kwa barua, waandishi wa mwisho. Song alistaafu 2010 baada ya Kombe la Dunia, mashindano yameisha, hakuna mechi ya mbele anayoiharibu.

Kozi ya ukocha anza ukiwa bado unacheza, leseni za CAF (shirikisho la soka Afrika) zinaanzia D, C, unapanda B, A mpaka Pro, ukisubiri ustaafu kwanza utajikuta darasani na watoto huku akiba inaisha. Beki ndo anafaa kuliko wote huko maana miaka yote amekuwa akiuona uwanja mzima mbele yake. Song 2016 kidogo tumpoteze, mshipa wa kichwani, akapona, 2022 akapewa timu ya Cameroon, na Desemba 2 mwaka huo pale Lusail Cameroon yake ikaifunga Brazil 1-0 kwa kichwa cha Aboubakar, timu ya kwanza ya Afrika kuifunga Brazil kwenye Kombe la Dunia. Brazil ile ile iliyomuona anatoka na nyekundu 1994.

La mwisho, tafuta daftari. Andika kila mechi ya taifa unayocheza, tarehe, uwanja, mpinzani, uliingia dakika ya ngapi, umetoka ya ngapi, matokeo. Tunza na ile karatasi ya vikosi ukiweza kuipata, au piga picha kwa simu. Huku kwetu kumbukumbu za mpira zinapotea sana, na ukifika mechi ya 100 utataka kuwa na ushahidi mkononi.